Ubao wa Herufi Hausemi Yote: Lenzi za Kulalia na Macho ya Vijana Wasioona Mbali

Chukua mfano wa msichana wa miaka 13 anayesoma kidato cha kwanza mjini Unguja. Mwaka jana mjomba wake anayeishi Dubai alimpeleka kwa mtaalamu wa macho wa huko, akarudi na vijilenzi viwili vigumu vya kuvaa usiku tu, na tangu siku hiyo miwani yake imelala kabatini. Siku ya kupimwa anakaa kitini, anaziba jicho moja kwa kiganja, anausoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini bila kusita, na mama yake aliyekaa pembeni anashusha pumzi. Kisha mpimaji anamwambia aegemeze kidevu kwenye mashine nyingine, aangalie kitone cha taa, asipepese. Tarakimu zinazotoka ni 24.62, na kwenye kadi ya mwaka jana imeandikwa 24.30. "Daktari, si anaona? Sasa hicho kilichozidi ni nini?" anauliza mama.

Kilichozidi ni urefu wa jicho lenyewe, kwa milimita, kutoka konea, yaani kioo chake cha mbele, mpaka nyuma. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 16 au 17 hivi, na la mtu mzima hufika 23 au 24. Likiendelea kurefuka kupita nguvu ya konea na lenzi yake ya ndani, miale inayotoka mbali hukutana kabla ya kufika kwenye retina, pazia linalopokea picha, na mtu huanza kukunja uso ili asome kilichoandikwa ubaoni. Hali hii ndiyo mayopia, yaani kutoona mbali. Kwa makadirio, kila milimita moja ya ziada humwongezea mtu dayopta 2.5 hadi 3, na dayopta ndiyo ile ambayo sote huiita namba ya miwani. Sehemu ya milimita 0.32 alizoongeza msichana wetu ni ukuaji wa kawaida wa mtoto anayebalehe, lakini sehemu iliyobaki ni mayopia inayosonga mbele, hata kama ubao wa herufi hauionyeshi.

Haionekani kwenye ubao kwa sababu lenzi zimeificha. Hapa ndipo wazazi wengi wanapochanganya mambo mawili, nami siwalaumu, maana hata baadhi ya wanaouza lenzi hizi huyaeleza kana kwamba ni jambo moja: kumfanya kijana aone vizuri mchana ni kazi moja, na kulizuia jicho lisirefuke ni kazi nyingine. Kazi ya kwanza hufanikiwa kwa karibu kila aliyechaguliwa vizuri. Ya pili hufanikiwa kwa kiasi kinachotofautiana sana baina ya kijana na kijana, na makala haya yanahusu sababu za tofauti hiyo.

Kwanza tuitazame lenzi yenyewe. Fani hii huitwa othokeratolojia, na ilianzia Marekani miaka ya 1960, pale George Jessen alipojaribu kuivika konea lenzi ngumu iliyo bapa kuliko konea yenyewe ili ibadilike umbo. Matokeo ya wakati ule yalikuwa ya kubahatisha, na lenzi zilivaliwa mchana. Kilichobadilisha mambo ni plastiki ngumu inayopitisha oksijeni, ambayo iliwezesha jicho lililofumbwa usiku kucha lisikose hewa, pamoja na mchongo mpya ambamo katikati ya lenzi ni bapa na pembezoni kuna mkunjo uliobana unaoacha pete ya machozi. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu lenzi za aina hii zivaliwe wakati wa kulala. Machozi yaliyonaswa chini ya lenzi huisukuma konea kwa upole, tabaka la juu la seli zake hukonda katikati kwa maikroni 15 au 20 tu, na kunenepa kidogo kwenye pete ya pembeni. Unywele wa kichwani ni mnene mara kadhaa kuliko badiliko hilo. Mabadiliko mengi hutokea katika siku saba hadi kumi za mwanzo, na lenzi zikiachwa, konea hurudi umbo lake la asili ndani ya siku au wiki chache. Kwa hiyo hazitibu kitu moja kwa moja, na mtu asikubali kuuziwa kwa jina la "tiba ya kudumu".

Sasa, kwa nini kuibonyeza konea kupunguze kasi ya jicho kurefuka huko nyuma? Maelezo yanayokubalika zaidi yanahusu pembezoni mwa retina. Miwani ya kawaida ya kuona mbali huiweka picha sawasawa katikati ya retina, lakini pembeni, kwa kuwa jicho la mayopia lina umbo la yai, miale hukutana nyuma ya retina. Majaribio ya wanyama, hasa ya nyani wachanga katika maabara ya Earl Smith huko Houston, yalionyesha kwamba jicho linalokua husikiliza pembeni pia, na picha ikiangukia nyuma, jicho hukua kuifuata. Konea iliyobonyezwa katikati na kuinuka kwenye pete ya pembeni hupindua hali hiyo: miale ya pembeni hukutana mbele ya retina, na jicho halipati tena ule wito wa kurefuka. Wapo wanaoongeza kwamba konea ya namna hii huleta kasoro ndogondogo za mwanga ambazo nazo huchangia, na kwamba koroidi, utando wa mishipa ya damu ulio nyuma ya retina, hunenepa kidogo. Maelezo haya hayapingani.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Hong Kong. Pauline Cho na wenzake walichapisha mwaka 2012 jaribio la miaka miwili lililowagawa kwa kura watoto wa miaka 6 hadi 10, nusu wapewe miwani na nusu lenzi za usiku. Macho ya waliovaa miwani yalirefuka kwa wastani wa milimita 0.63, na ya waliovaa lenzi kwa milimita 0.36, yaani kasi ilipungua kwa asilimia 43. Namba hiyo imekuwa maarufu, nayo ni ya kweli, ila wastani una tabia ya kuwameza watu: ndani ya asilimia 43 kuna mtoto ambaye jicho lake halikusogea kabisa, na kuna mwingine ambaye alivaa lenzi kila usiku na bado jicho likakimbia.

Sababu yenye nguvu kuliko zote ni umri. Katika jaribio lilelile, kati ya watoto wa miaka 7 hadi 8 waliovaa miwani, asilimia 65 walikuwa wa kasi, yaani walipanda zaidi ya dayopta moja kwa mwaka. Kati ya wa miaka 9 hadi 10, waliokuwa wa kasi ni asilimia 13 tu. Lenzi ziliwashusha wadogo kutoka 65 hadi 20, na wakubwa kutoka 13 hadi 9. Soma tarakimu hizo pole pole, kwa sababu zina maana mbili zinazovutana. Mtoto aliyeanza mayopia mapema ndiye aliye hatarini zaidi, na ndiye anayefaidika zaidi na lenzi. Kijana wa miaka 15 atapata faida ndogo, na si kwa ubovu wa lenzi: jicho lake tayari limeanza kutulia lenyewe. Utafiti wa Marekani uliowafuatilia watoto wenye mayopia kwa miaka mingi uliona kwamba karibu nusu yao, asilimia 48, walikuwa wametulia kufikia miaka 15, asilimia 77 kufikia 18, na asilimia 90 kufikia 21. Ukiambiwa kwamba lenzi fulani "zimezuia" mayopia ya mvulana wa kidato cha tano, uliza kwanza kama mayopia hiyo ilikuwa bado inakwenda.

Namba ya kuanzia nayo imechunguzwa sana. Tafiti kadhaa zimeona kwamba anayeanza na mayopia kubwa kidogo, kwa mfano dayopta hasi 3 (namba za kutoona mbali huandikwa kwa alama ya kutoa), hufaidika zaidi ya mwenye hasi 1, na sababu yake inaeleweka: kadiri katikati inavyobonyezwa zaidi ndivyo pete ya pembeni inavyoinuka zaidi, na nguvu ya kuivuta miale ya pembeni mbele ya retina huongezeka. Tafiti nyingine hazikuuona uhusiano huo, au zimeuona ukifutika mara umri unapoingizwa kwenye hesabu. Kuna mpaka wa juu pia, kwani lenzi nyingi zimeidhinishwa kwa mayopia isiyozidi hasi 6, na nyingine haziendi hata huko.

Mboni ni jambo ambalo wazazi huwa hawalitarajii. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba macho ya vijana wenye mboni pana yalirefuka kwa kiasi kidogo kuliko ya wenye mboni nyembamba, ingawa wote walivaa lenzi za aina moja. Mboni ni dirisha: likiwa dogo, miale inayopita kwenye pete iliyoinuka hukatwa nje, na retina haipati ule ujumbe. Kutokana na wazo hilo mafundi wa lenzi walijiuliza kwamba ikiwa mboni haipanuliwi, kwa nini pete isisogezwe ndani? Wakapunguza upana wa eneo la katikati la lenzi kutoka milimita 6 hadi 5. Jaribio jingine la Hong Kong lilionyesha kwamba baada ya miaka miwili macho ya waliovaa lenzi za milimita 6 yalirefuka kwa milimita 0.35, na ya wale wa milimita 5 kwa 0.15. Ni tofauti kubwa kwa badiliko dogo kiasi hicho, na kwa maoni yangu ndilo swali la kwanza ambalo mzazi angepaswa kumuuliza anayempimia mwanawe lenzi, kabla hata ya kuuliza bei. Jambo linalofanana na hilo ni lenzi inapokaa upande kidogo badala ya katikati. Baadhi ya tafiti zimeona kwamba kuhama kwa kiasi huambatana na jicho kurefuka polepole zaidi, lakini kijana huanza kuona mwali wa taa za gari ukitawanyika usiku au herufi zikiwa na kivuli, hivyo hakuna mtaalamu mwenye busara anayeipotosha lenzi makusudi.

Urithi siusemei sana. Mtoto ambaye wazazi wake wote wawili hawaoni mbali yumo hatarini zaidi kuliko ambaye hana mzazi wa namna hiyo, na hakuna lenzi inayobadilisha wazazi.

Mwanga wa jua unastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa kwetu ndio uliojaa. Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba viko karibu digrii 5 na 6 kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Nje, hata chini ya mwembe, mwanga huwa mara nyingi zaidi ya ule wa darasani, na inaaminika kwamba mwanga mkali huifanya retina itoe dopamini, kemikali inayopunguza kasi ya jicho kukua. Jaribio la Guangzhou, China, lililochapishwa mwaka 2015, liliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 walikuwa wamepata mayopia, dhidi ya 39.5 kwa wasioongezewa. Tahadhari ni kwamba faida hiyo imethibitika vizuri zaidi katika kuchelewesha mayopia isianze, na kwa kijana ambaye tayari anavaa lenzi ushahidi ni dhaifu zaidi. Hata hivyo kijana wa mjini ambaye asubuhi yuko skuli, alasiri yuko chuoni, magharibi yuko tuisheni, na usiku ana simu umbali wa shubiri moja kutoka usoni, anaitupa neema iliyo nje ya mlango wake. Kusoma kwa karibu sana, chini ya sentimita 30, na kwa muda mrefu bila kuinua macho, kumehusishwa na mayopia katika utafiti wa wanafunzi wa Sydney. Tofauti ya mazingira inaonekana hata kwenye takwimu: uchunguzi wa wanafunzi 2,511 wa sekondari jijini Mwanza, uliochapishwa mwaka 2002, uliwakuta asilimia 5.6 wakiwa na mayopia, ilhali katika baadhi ya miji ya Asia ya Mashariki vijana wanaomaliza skuli wasioona mbali hufika asilimia 80. Ieleweke basi kwamba takriban tafiti zote za lenzi nilizozitaja zilifanywa kwa watoto wa huko, na kuzichukua namba zao kama zilivyo kwa mtoto wa Wete au Makunduchi kunahitaji uangalifu.

Wapo wanaoongezewa matone hafifu ya dawa ya macho iitwayo atropini juu ya lenzi. Jaribio la Japani la miaka miwili lilikuta macho yamerefuka kwa milimita 0.29 kwa waliochanganya na 0.40 kwa waliovaa lenzi peke yake, lakini faida yote ilikuwa kwa wale wa hasi 1 hadi 3. Waliozidi hapo hawakupata nyongeza yoyote, pengine kwa sababu lenzi zilikwisha kufanya kazi yote.

Nafika sasa kwenye sababu ambayo imo mikononi mwa kijana mwenyewe, yaani saa za kuvaa. Lenzi inataka usingizi wa takriban saa nane, kila usiku. Anayeivaa saa tano, au anayeruka usiku mbili kwa wiki, huona ukungu kuanzia adhuhuri, na pete inayofanya kazi kwenye retina hulegea pia. Kwetu kuna mwezi mzima ambao usingizi hukatwa vipande: tarawehe humalizika saa nne usiku, daku ni saa kumi, na baada ya alfajiri watu hurudi kulala kidogo. Mtaalamu wa Dubai hawezi kuliona hilo kwenye ratiba aliyoiandika. Linafaa kupangwa mapema, na kwa baadhi ya vijana ni afadhali kurudi kwenye miwani kwa mwezi huo kuliko kuvaa kwa kubabaisha.

Na hapo hapo kuna hatari ya maji. Hesabu iliyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2013 ilikadiria maambukizi ya konea kuwa karibu 14 kwa kila watoto 10,000 wanaovaa lenzi hizi kwa mwaka. Ni machache, lakini kila moja linaweza kuacha kovu katikati ya konea, na miongoni mwa wadudu wanaohusika ni akantamiba, ambaye huishi katika maji ya kisima, ya tangi na ya mfereji, na ambaye kumtibu huchukua miezi. Tazama basi kijana anayeamka kwa adhana ya alfajiri: anakwenda uani, anateka maji ya pipani kwa kata, anatia udhu, anakosha uso mara tatu, na lenzi bado zimo machoni. Mpangilio salama ni wa kinyume. Akiamka anawe mikono kwa sabuni, aikaushe kwa taulo safi, adondoshe matone ya kulainisha, angoje dakika chache mpaka aone lenzi inateleza akipepesa, kwa kuwa lenzi iliyoganda ikivutwa huchubua konea, aitoe, aiweke katika dawa mpya na si ile ya jana iliyojazishwa, kisha ndipo atie udhu. Lenzi zisioshwe kwa maji ya aina yoyote, hata yaliyochemshwa. Wanja upakwe baada ya lenzi kutoka, na kijana mwenye mafua makali au jicho jekundu asizivae usiku huo. Kwa upande mwingine, vijana wanaojitupa baharini Forodhani kila jioni wana bahati na lenzi hizi kuliko na zile laini za mchana, kwa kuwa saa hiyo macho yao huwa matupu.

Je, msichana wetu mwenye milimita 0.32 aziache? Wastani wa waliovaa lenzi katika jaribio la 2012 ulikuwa kama 0.18 kwa mwaka, nao walikuwa wadogo kwake. Kwa hiyo amevuka alipotarajiwa, na kinachostahili kuchunguzwa ni saa zake za kulala, upana wa mboni yake, upana wa eneo la katikati la lenzi, na kama namba yake ni ile ambayo atropini ingesaidia. Kipimo cha urefu kisiachwe kwa sababu tu ubao unasomeka. Hospitali zinazopandikiza lenzi baada ya kutoa mtoto wa jicho hupima urefu wa jicho kabla ya upasuaji, ingawa mashine ya mwanga hutofautisha hata sehemu moja ya mia ya milimita na ile ya mawimbi ya sauti hukosea karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, hivyo vipimo vya mwaka huu na mwaka jana vitoke kwenye mashine ya aina moja. Kuacha ghafla kuna gharama yake: timu ileile ya Hong Kong ilionyesha mwaka 2017 kwamba walioacha lenzi wakiwa na miaka 14 au chini ya hapo, macho yao yalianza kurefuka kwa kasi ya wavaa miwani, na yakapunguza mwendo tena lenzi ziliporudishwa baada ya miezi saba. Mama akitaka kujaribu kuziachisha siku moja, na afanye hivyo binti akiwa mkubwa zaidi, apimwe siku ya kuacha, apimwe tena baada ya miezi sita, na sanduku la lenzi lisigawiwe mtu mpaka tarakimu ya pili ionekane.